Historia ya Marehemu Affy, Jirani wa Kikaango

Wapendwa mliofika, ninyi wa hapa kwa marehemu Bwana Edmund na ninyi mliovuka kijito kutoka mashamba ya jirani, wenye ruhusa na wasio na ruhusa, tunawashukuru kwa kuitikia, maana marehemu alizikwa mwezi wa Agosti siku ya kazi, tumbaku ikikatwa, akafukiwa upesi bila neno la mtu, na leo ndiyo Jumapili ya kwanza ambayo msimamizi ametuachia alasiri nzima tulie kilio chetu kilichochelewa. Mimi ni Sawney, fundi mapipa, wengi mnanifahamu, na nimeombwa kusoma historia hii kwa niaba ya familia, ingawa sina karatasi mkononi na kusoma sijui, nimeikariri tu, na familia yenyewe, kama mtakavyosikia, haikuweza kufika. Nasimama hapa kwa sababu katika orodha ya mwisho jina langu liliandikwa chini ya jina lake, na kwa desturi yetu, asiye na ndugu wa damu, jirani wake wa orodha ndiye ndugu yake.

Kabla sijaendelea naomba mniwie radhi kwa hili neno marehemu, nitalirudia sana. Sisi tumezoea kulisikia likitajwa kwa mabwana, na kila tulipolisikia tuliwavuta watoto wetu karibu, kwa kuwa bwana akiwa hai atakupiga, lakini akishakuwa marehemu ndipo wanapokuja kukuhesabu, kukutia bei na kukugawa. Leo tunalitumia kwa mtu ambaye kifo chake hakimgawi yeyote. Nimeona tulitumie vizuri.

Marehemu alizaliwa hapa Thornley, kando ya mto Mattaponi, Virginia, mwaka ambao viwavi walimaliza tumbaku yote ya bondeni, unaodhaniwa kuwa 1727, na siku yake inajulikana bila shaka yoyote kuwa ni siku ya Afo, kwa sababu mama yake mzazi, ambaye mabwana walimwita Juno, alikuwa mtu wa Igbo, na watu wa Igbo huhesabu siku kwa masoko yao manne, Eke, Orie, Afo na Nkwo, naye aliendelea kuzihesabu hivyo hivyo hadi mwisho katika nchi hii isiyokuwa na soko hata moja kati ya hayo. Akamwita bintiye Mgbafo, yaani msichana wa Afo. Karani aliposikia jina hilo aliandika Affy, katika orodha ya pili wakaandika Affa, katika ya tatu wakaandika Effy, na marehemu alipokuwa akiulizwa kwa nini hasemi kitu, alikuwa akicheka na kusema, "Waacheni waandike watakavyo, Mgbafo hawajamkamata bado."

Kuhusu elimu, marehemu hakubahatika kwenda shule, kama ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyebahatika, lakini somo alilipata, na somo hilo ndilo lililoongoza maisha yake yote, kwa hiyo naomba mlisikilize. Tarehe 14 Novemba 1733 walikuja wathamini watatu kuandika mali ya marehemu Bwana Ambrose, babu yake Bwana Edmund, wakapita chumba kwa chumba na zizi kwa zizi, na Affy, aliyekuwa na umri wa miaka sita hivi, alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kulala, alikotumwa kupeleka kuni. Basi wakamwandika papo hapo alipokutwa, juu yake kikiwa kikaango chenye mpini mrefu cha kupashia kitanda moto, na chini yake rundo la chuma chakavu. Mnajua utani wetu. Kuanzia siku hiyo hakupita mahali asiulizwe, "We Affy, jirani yako kikaango hajambo?" naye akijibu, "Hajambo, ila ana kiburi, kitandani kwa bwana yeye huingia kwanza." Mzee Mingo, Mungu amrehemu, aliyeandikwa chini ya farasi jike kipofu, alikuwa akiulizwa kila asubuhi kama mkewe ameona njia.

Tulicheka, ndiyo, lakini somo halikuwa la kuchekesha. Katika orodha ile Juno, mwenye nguvu na mikono mizuri ya kazi, aliandikwa mstari wake, paundi thelathini, na Affy bintiye akaandikwa mstari wake, paundi kumi na mbili, mbali na mama yake kwa kurasa mbili. Lakini kulikuwa na mama mwingine, Sabina, mwenye mtoto kilema wa miguu, na hao wawili waliandikwa mstari mmoja kwa bei moja, Sabina na mtoto wake kilema, kwa kuwa mtoto peke yake hakuna aliyemtaka. Mirathi ilipogawanywa kama wosia ulivyosema, Juno alikwenda kwa binti wa Bwana Ambrose aliyekuwa ameolewa ng'ambo ya mto mkubwa, akaondoka akihesabu Eke, Orie, Afo, Nkwo kwa sauti ili mtoto asikie, na hawakuonana tena. Sabina alibaki na mtoto wake mpaka kufa. Affy aliyaangalia yote hayo, akayaweka moyoni: mzima huandikwa peke yake, kilema huandikwa na mama yake.

Kwa upande wa kazi, marehemu alianza kuokota viwavi kwenye majani ya tumbaku mwaka uleule, akapanda daraja kutoka viwavi hadi jembe, na jembe hakuliacha, isipokuwa miezi ya baridi alipoingizwa kwenye banda la kukaushia, akichambua majani na kuyafunga, kazi ambayo hakuna aliyemshinda, kwani jani likiwa na unyevu wa kupindukia alilijua kwa kulipitisha shavuni. Alikuwa mwepesi wa ulimi na mzito wa kusamehe. Msimamizi mmoja aliyempiga bila kosa, marehemu hakumsalimia kwa miaka minne, akimjibu kwa kichwa tu, na yule mtu, aminini msiamini, lilimuuma.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa na Bristol, mtu wa plau, wiki ya Krismasi 1745, hapa hapa kwenye uwanja wa vibanda vyetu, kwa ruhusa ya Bwana Richard, mtoto wa Bwana Ambrose, ambaye alitoa chupa moja ya ramu na kuinywa nusu yeye mwenyewe. Bristol alikuwa mtu mpole, anayesema neno moja wengine wakisema kumi. Walijaliwa kupata watoto watatu, mmoja alifariki akinyonya, wakabaki Isham, aliyezaliwa Mei 1746, na Letty, aliyezaliwa wakati wa mavuno ya mahindi 1748, mtoto mcheshi, mwigaji, ambaye angeweza kumwiga kuhani, bata mzinga na Bi Mkubwa, ukajua ni nani kabla hajafungua kinywa. Letty ndiye aliyekuwa roho ya mama yake, na sisemi hivyo kumpunguza Isham.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengine hapa walinishauri niliruke. Siliruki. Marehemu mwenyewe hakuliruka siku hata moja.

Tarehe 3 Oktoba 1758 Bwana Richard akawa marehemu, akafa ghafla mezani, hakuacha wosia, na waliobaki walikuwa watatu, mjane wake na wanawe wawili, Bwana Lewis, aliyekuwa na ardhi mpya juu milimani, na Bwana Edmund, ambaye alitaka kubaki hapa. Hata mtoto alijua maana yake, kwamba tutatiwa bei, tutafungwa mafungu matatu yenye thamani sawa, na mafungu yatapigiwa kura kwenye kofia. Isham alikuwa na miaka kumi na miwili, Letty kumi. Marehemu hakulala, hakula, akapungua, halafu asubuhi moja tukamwona ana uso wa mtu aliyepata dawa, na jioni yake akamchukua Letty nyuma ya banda la tumbaku akaanza kumfundisha kuchechemea.

Mguu wa kulia. Alimfundisha kuuburuta kidogo, kuinua nyonga, kushuka ngazi kwa mguu mzima kwanza, na Letty, kwa kuwa kuigiza ndiyo ilikuwa raha yake, alijifunza kama mchezo, hata akaongeza vya kwake, akakunja midomo kila alipokanyaga, tukacheka mpaka machozi. Bristol peke yake hakucheka. Alisema, "Mke wangu, usimwite ugonjwa kwa jina la mtoto, ugonjwa una masikio."

"Bora ugonjwa umsikie kuliko Bwana Lewis," akajibu marehemu. "Kilema hupewa mama yake. Mimi niliona kwa macho yangu, wewe ulikuwa wapi?"

Ndipo marehemu alipoweka amri ile ya mwisho, na sote tuliokuwa tukipika tuliisikia, maana aliitoa kwa ukali ili ishike. Akamshika Letty mabega akamwambia, "Watu weupe wakiwa wanatazama, usiache. Wakikuahidi sukari, usiache. Wakikupiga, usiache. Hata mimi mwenyewe nikikupigia kelele uache, usiache, ujue nimelazimishwa. Utaacha siku nitakayokuja mimi, na mdomo wangu huu, nikakunong'oneza sikioni. Umesikia?"

Letty akasema, "Nimesikia, mama," akaenda zake akichechemea.

Wathamini walikuja tarehe 20 Novemba, watatu, majirani wa marehemu Bwana Richard walioapishwa mahakamani, wakanywa, wakala nyama ya nguruwe, wakaanza na sahani za bati na kumaliza na sisi. Mkubwa wao, Bwana Pruett, aliangalia meno, akaangalia mikono, na alipofika kwa Letty akauliza mguu una nini, marehemu akasema alizaliwa nao, Letty akakunja midomo, na karani akaandika. Msichana mzima wa umri wake siku zile alikuwa paundi ishirini na tano. Letty aliandikwa paundi nane. Marehemu aliondoka pale akitembea kama mtu anayekwenda harusini, kwani kweli walimwandika mtoto chini ya jina lake, mstari kwa mstari, na usiku ule alikula kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Kosa lake lilikuwa moja. Sabina na mwanawe walipewa mtu kwa wosia, na wosia hausawazishi kitu. Mafungu ya kura ni lazima yalingane. Yanapokaribia kulingana, yakabaki na upungufu mdogo, wathamini hawamgusi mtu wa paundi hamsini, wanatafuta chini kabisa ya karatasi kitu kidogo cha kujazia, kama vile muuza duka anavyotafuta sarafu ndogo za kurudishia chenji. Hilo marehemu hakulijua. Hakuna hata mmoja wetu aliyelijua, mpaka siku ya kura, tarehe mosi Januari 1759.

Dada Dinah, aliye hapa, ndiye aliyekuwa akiwamiminia ramu ya moto asubuhi hiyo, na ni yeye aliyesikia. Bristol alikuwa fungu la kwanza, marehemu na Isham na Letty fungu la pili, na fungu la pili lilizidi kwa paundi nane, la tatu likapungua kwa paundi nane. Bwana Pruett akapitisha kidole chini ya karatasi, akasema, "Huyu hapa, mtoto kilema, paundi nane kamili, kana kwamba alizaliwa kwa ajili hiyo," wakacheka, wakamhamisha. Angekuwa na bei yake ya kweli, paundi ishirini na tano, asingeingia kwenye pengo lile, wangechukua farasi mzee na ndama wawili. Dinah aliweka birika chini, akatoka mbio uwanjani, akamwambia marehemu maneno mawili, "Wamemtoa Letty."

Marehemu hakuuliza mara mbili. Wale watu walikuwa wakitoka na kofia yao, akawaendea mbele yetu sote, jambo ambalo mtu halifanyi, akapiga magoti kwenye tope la baridi, akasema, "Bwana, nimedanganya. Mtoto si kilema. Nilimfundisha. Mzima kabisa, bwana, mbio anamshinda kaka yake. Niadhibuni mimi, lakini mwandikeni upya."

Nataka niseme haki ya kila mtu, hata ya yule. Bwana Pruett alisimama. Alikunja uso, akasema, "Kama ni mzima basi hesabu yetu imekosewa na lazima irudiwe, kiapo ni kiapo. Mtoto atembee kutoka hapa mpaka kisimani." Hivyo mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa wazi, ndugu zangu, upana wa kupita mtoto mmoja.

Wakamleta Letty. Watu weupe wakawa wanatazama, na mama yake akamwambia, "Tembea, mwanangu. Tembea vizuri." Letty akamwangalia mama yake magotini kwenye tope, akaona machozi, akaona wale wanaume, akaelewa kwamba mama amelazimishwa. Akachechemea. Marehemu akapiga kelele, "Kimbia, Letty! Mimi ndiye nasema, acha, kimbia!" na kadiri alivyopiga kelele ndivyo mtoto alivyouburuta mguu vizuri zaidi, nyonga juu, midomo imekunjwa, mpaka kisimani, akageuka, akarudi. Hakukosea hatua. Alipofika mbele ya mama yake alimtazama kwa fahari, akingoja asifiwe.

Mmoja wa wathamini akasema, "Mwanamke huyu angefaa biashara, anataka kutuuzia kilema kwa bei ya mzima," wakacheka tena, na kofia ikapita. Fungu la kwanza likaenda kwa mjane, la pili kwa Bwana Edmund, la tatu kwa Bwana Lewis. Gari la milimani liliondoka mchana uleule, na marehemu alishikwa na wanaume wawili, mmojawapo nikiwa mimi, kwa sababu msimamizi alikuwa na bunduki, asiweze kulifikia gari, kuuvuka ule umbali mdogo tu wa mdomo na sikio. Letty hakulia. Alitikisa kichwa kutoka nyuma ya gari, kama mtu anayesema usijali, nakumbuka.

Kuanzia hapo historia ya marehemu ni fupi, ingawa aliishi miaka mingine kumi. Bristol alikuwa akitembea kila Jumamosi kutoka kwa mjane kuja kumwona, wala hakuwahi kumwambia, "Nilikuambia," mpaka mapafu yalipomuua Februari 1764. Isham aliuzwa mwaka 1763 mlangoni mwa mahakama kulipia deni la Bwana Edmund la gari jipya la kukokotwa na farasi, gari ambalo mnaliona pale chini ya kibanda, limevunjika gurudumu, na alikopelekwa Isham hatukujua. Hayo yote marehemu aliyalia kama watu wanavyolia, yakapita, yakarudi. La Letty halikupita.

Msimu wa 1761 alikuja Tobe, mwendesha gari la ng'ombe, ambaye huleta mapipa ya Bwana Lewis kutoka milimani hadi gatini, na marehemu akamfuata hadi kwenye magurudumu akamwuliza kama anamjua msichana anayeitwa Letty. Tobe akasema, "Namjua sana, mcheshi yule, ila mguu wake tu ndio unaomsumbua."

"Mguu gani?"

"Wa kulia."

Marehemu akakaa chini palepale barabarani, ng'ombe wakamzunguka. Kisha akamwambia, "Mwambie mama yake amesema aache." Tobe alidhani ni fumbo, lakini ni mtu mwaminifu, akalibeba neno hilo mpaka milimani, na mwaka uliofuata akarudi na jibu. Letty alikuwa amemsikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Mama aliniambia hata yeye mwenyewe akisema niache, nisiache. Atakuja mwenyewe aninong'oneze. Mwambie sijasahau."

Majuto ni mjukuu, husemwa, huja baadaye, lakini ya marehemu yalikuwa mtoto wa kubebwa, hayakumtoka mgongoni. Aliomba ruhusa ya kwenda milimani kila Krismasi, Bwana Edmund akakataa kila Krismasi, akisema akimpa ruhusa mmoja itabidi awape wote. Alimtuma Tobe tena na tena, akampa alama ambazo mtoto angezitambua, akamfundisha kutamka Mgbafo, na kila mara jibu lilirudi lilelile, kwa upendo uleule. Vuli ya 1766 akaondoka kwa miguu bila ruhusa. Alifika mbali kuliko tulivyodhani, hadi mahali ambapo milima inaanza kuonekana bluu, ndipo doria ikamkamata, na mmoja wao akampitishia farasi juu ya mguu. Akarudishwa kwenye gari la majani. Ulikuwa mguu wa kushoto, na safari hii hapakuwa na maigizo.

Bwana Edmund akawa marehemu Aprili 1768, wathamini wengine wakaja, wakamkuta marehemu wetu amekaa kwenye kizingiti cha kibanda chake, mguu umenyooshwa. Wakaandika, Effy, mzee, kilema, hana thamani. Chini yake wakaandika, Sawney, fundi mapipa, paundi sitini. Nilipomwambia kwa utani kwamba sasa mimi ndiye kikaango chake, alitabasamu kidogo, akasema, "Sawney, umeona? Leo mimi ni kilema kweli, na hakuna wa kuandikwa naye."

Marehemu alianza kuugua wakati wa kupanda tumbaku mwaka huu wa 1769, homa ikaingia kwenye ule mguu, ukavimba na kuwa mweusi, Dada Dinah akamkanda kwa majani na mizizi, homa ikishuka asubuhi na kupanda jioni. Mwezi wa Julai Tobe alipita, tukajaribu kumzuia asiingie, lakini marehemu alimsikia sauti. Akamwuliza habari, na Tobe, ambaye hajui kudanganya, akamwambia Letty ni mzima, ana mtoto wa kike, ameanza kutembea mwaka huu. Marehemu akafurahi, akauliza anatembeaje. Tobe akatazama chini, akasema mtoto amejifunza kutembea kwa kumtazama mama yake.

Baada ya hapo hakuomba maji tena. Mauti yalimkuta tarehe 11 Agosti 1769 mchana, tukiwa shambani. Aliyekuwa naye ni Dinah, na Dinah anasema alikuwa akinong'ona, mdomo ukienda kama mtu aliyeinamia sikio, na kwamba hakulipata hata neno moja, kwa kuwa halikuwa lake.

Kwa niaba ya familia ninapenda kumshukuru Dada Dinah kwa mizizi yake na mikono yake, ninawashukuru wenzake wa banda la tumbaku waliomalizia sehemu yake ya kazi ili asipigwe, ninawashukuru majirani, ninyi wa vibanda na ninyi wa orodha, mliochangia ubao wa kulazia mwili, na mliovunja bakuli zenu wenyewe kuzipanga juu ya kaburi. Ninamshukuru hata daktari, aliyekuja tarehe 9 kumtazama jike la farasi, akauliza mlangoni kama kuna mwingine anayeumwa, akaambiwa hakuna. Ratiba iliyobaki ni kurudi vibandani kabla jua halijazama.

Mali aliyoiacha marehemu ni neno moja, na mrithi wake ni mmoja, na halimfikii. Tobe, nakuona umesimama pale nyuma. Ukirudi milimani usimwambie tena aache, kwa kuwa hatakuamini, na tunasikia Bwana Lewis anakohoa damu, hivyo karibuni atakuwa marehemu, na wathamini watakuja, na safari hii kutakuwa na wawili wa kuwatembeza mpaka kisimani. Mwambie tu kwamba yule aliyekuwa aje kumnong'oneza tumemzika. Halafu umwache afanye aonavyo.

Na wewe Mgbafo, msichana wa Afo, ulale sasa kwa amani. Huko chini hakuna anayetazama.